Baada ya Utumbo Kusafishwa, Nani Hurudi Kwanza?

Namba inayozungushwa zaidi katika mjadala wa kusafisha utumbo kabla ya kolonoskopi, yaani kipimo cha kupitisha kamera kwenye utumbo mpana, ni 31. Mwaka 2015 jarida la Gut lilichapisha kazi ya watafiti wa Finland na Uingereza waliowanywesha watu 23 wenye afya lita mbili za dawa ya kusafisha utumbo, kisha wakapima bakteria waliobaki kwenye choo chao. Walikuwa wamepungua mara 31. Yaani kwa kila bakteria 100 waliokuwapo, walibaki watatu hivi. Mtu akiipata namba hiyo bila maelezo atashtuka, na wapo wanaoisambaza makusudi ili watu wakikwepe kipimo cha kolonoskopi. Upande wa pili wapo wauza dawa za "kutoa sumu mwilini", nao wanaishika namba ileile kama ushahidi: mnaona, hata hospitali zinajua tumbo linahitaji kusafishwa lianze upya. Makundi haya hayapatani kwa lolote, ila yamekosea hesabu moja.

Bakteria huongezeka kwa kujigawa. Mmoja huwa wawili, wawili wanne, halafu wanane, 16, 32. Mizunguko mitano tu. Wale watatu waliobaki wakijigawa mara tano wanafika 96, na pengo limezibika. Tena hao watatu ni wa mfano. Gramu moja ya choo cha utumbo mpana hubeba bakteria wapatao bilioni 100, kwa hiyo hata wakipungua mara 31 wanabaki zaidi ya bilioni tatu katika gramu hiyo. Hakuna dawa ya kunywa inayouacha utumbo mtupu. Idadi hurudi, hilo lisimnyime mtu usingizi. Lenye uzito ni nani anarudi kwanza, na nani anachelewa kwa sababu mbegu yake ilisombwa karibu yote.

Utafiti huohuo ulijibu sehemu ya swali. Kila mtu ana mchanganyiko wake wa bakteria unaomtambulisha karibu kama alama za vidole. Kwa asilimia 22 ya washiriki, yaani watu watano, mchanganyiko uliopatikana mara baada ya kusafishwa haukutambulika tena kuwa ni wao. Kufikia siku ya 14, idadi na mpangilio vilikuwa vimerejea kwa sehemu kubwa. Hapo ndipo wasomaji wengi huishia, na hapo ndipo wanapopitwa na jambo lenye manufaa zaidi. Washiriki walikuwa wamegawanywa makundi mawili: wengine walikunywa lita zote mbili kwa mkupuo, wengine lita moja, wakapumzika, kisha lita nyingine. Dawa ni ileile, kiasi ni kilekile. Waliokunywa kwa mkupuo walivurugika zaidi, na kwao kundi la Proteobacteria, lenye jamaa za E. coli na Klebsiella, bakteria ambao baadhi yao huleta maradhi, lilipanda waziwazi.

Kwa nini wale na si wengine? Dawa yenyewe haiui bakteria. Inayotumika zaidi duniani ni polietilini glaikoli, ambayo wahudumu wa afya huiita PEG kwa kifupi, na mchanganyiko wake wa lita nne wenye chumvi ulielezwa Marekani mwaka 1980. Ndani ya lita hizo nne huwa na gramu 236 za PEG, sodiamu salfeti gramu 22.74, sodiamu baikaboneti gramu 6.74, chumvi ya kawaida gramu 5.86 na potasiamu kloraidi gramu 2.97. Vipimo hivyo vimekokotolewa ili maji yapite tumboni bila kunyonywa sana na mwili, na bila kuvuta maji mengi kutoka mwilini. Ukinywa lita nne za maji matupu, sehemu kubwa itaishia kwenye kibofu. PEG huyashika maji, nayo yanashuka kama mvua ya masika kwenye korongo.

Bakteria basi hupigwa kwa njia tatu kwa pamoja. Ya kwanza ni kusombwa. Ya pili ni kuharibiwa makazi: ukuta wa utumbo mpana umefunikwa na ute wa tabaka mbili, la ndani likiwa karibu halina wakazi na la nje likiwa mtaa wenye watu wengi. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walilinganisha vipande vya ukuta wa utumbo uliosafishwa na ambao haujasafishwa, wakaona ute wa juu umepotea na aina za bakteria zimepungua. Ya tatu ni hewa na njaa. Wakazi wengi wa utumbo mpana hawavumilii oksijeni. Faecalibacterium prausnitzii, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa butireti, ambayo ngozi ya ndani ya utumbo huitegemea kama chakula, hufa upesi akikutana na hewa ya kawaida. Jamaa za E. coli huishi na oksijeni au bila oksijeni. Ukiongeza siku nzima bila nyuzinyuzi, unapata shamba lililopaliliwa ambamo magugu huota kabla ya mahindi. Ndiyo maana wataalamu wengi siku hizi hupuliza hewa ya ukaa badala ya hewa ya kawaida wanapopitisha kamera. Sababu yao kubwa ni kwamba hunyonywa haraka na kumwondolea mgonjwa tumbo la kujaa, lakini bakteria nao hawana hasara.

Kuhusu muda wa kupona, tafiti hazisemi kwa sauti moja. Watafiti wa Australia mwaka 2013 walifuatilia watu wachache na hawakuona athari ya kudumu kwa walio wengi. Wajapani mwaka 2019 walikuta hali imerudi ndani ya siku 14, wakati Waitaliano mwaka 2016, wakiwa na wagonjwa kumi waliokunywa lita nne, waliona mabadiliko ambayo yalikuwa bado hayajafutika baada ya mwezi mmoja, ikiwa ni pamoja na jamaa za Lactobacillus, bakteria wa maziwa mgando, kupungua. Kumi ni wachache mno kujenga hofu juu yao. Lakini pia siwezi kuwapuuza: walikunywa maradufu ya lita za utafiti wa 2015, na tofauti ya kiasi ni jambo la kutarajiwa kuonekana kwenye matokeo.

Utafiti unaonukuliwa kwa kishindo zaidi ni wa panya, uliotoka katika jarida la Cell mwaka 2018. Panya walipewa PEG, ute ukapungua sana, na familia moja nzima ya bakteria ikatoweka isirudi. Kinachoachwa kwenye nukuu hizo ni kwamba panya walipewa PEG kwa siku sita mfululizo. Mgonjwa wa kolonoskopi hunywa jioni moja na alfajiri moja. Jambo jingine linaloachwa, nalo ndilo zuri zaidi, ni kwamba panya waliowekwa pamoja na wenzao wenye bakteria hao waliwapata tena. Binadamu hakai kwenye kizimba. Anakula na wenziwe, anashika watoto, ananunua mchicha sokoni.

Mfano wa kupotea na kurudi uko karibu na kwetu. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, wanaokula asali na matunda pori zaidi wakati wa mvua, na nyama zaidi wakati wa kiangazi, huku mizizi na ubuyu wakiwa navyo mwaka mzima. Baadhi ya familia za bakteria zilikaribia kutoonekana msimu mmoja, kisha zikarejea msimu uliofuata chakula kilipobadilika. Aliyepungua hadi asionekane kwenye kipimo si lazima awe ameisha kabisa. Huenda amejificha kwenye vishimo vya ukuta wa utumbo, na wako wanasayansi wanaodhani hata kidole tumbo ni ghala mojawapo la mbegu hizo. Ila angalia kilichomrudisha: chakula chake. Nitalirudia hili.

Kabla ya hapo, neno kuhusu dawa nyingine, kwa sababu si zote zinafanya kazi kama PEG, na baadhi zinawategemea bakteria haohao zinaowafukuza. Sodiamu pikosalfeti, inayouzwa kwenye vipakiti vya miligramu 10 pamoja na magnesiamu, hushuka hadi utumbo mpana ikiwa imelala. Bakteria ndio huiamsha. Sanamaki ya bibi zetu wa pwani ni vivyo hivyo: kiini chake hakisukumi kitu mpaka bakteria wakivunje. Kwa hiyo mgonjwa aliyetoka kumeza antibaiotiki wiki hiyo anaweza kunywa pikosalfeti, akakaa akisubiri, na dawa ikafanya kazi nusunusu. Amwambie daktari mapema. Chumvi ya haluli ni magnesiamu salfeti, haimhitaji bakteria yeyote, lakini kwa mwenye figo mbovu magnesiamu hujikusanya kwenye damu. Dawa za fosfeti nazo zilionekana kuumiza figo za baadhi ya watumiaji hadi mamlaka ya dawa ya Marekani ikaziwekea onyo kali mwaka 2008. Na zile PEG za lita mbili zimebeba askobati, yaani vitamini C, zaidi ya gramu 10 kwa kila lita. Mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyoenea katika maeneo ya malaria, pwani yetu ikiwemo, asipewe bila daktari kujua.

Kisha kuna manitoli, sukari iliyotumika zamani kusafishia utumbo. Mwaka 1979 madaktari wa Ufaransa waliripoti kifo cha mgonjwa ambaye utumbo wake ulilipuka wakati kinyama, yaani uvimbe mdogo unaoota kwenye ukuta wa utumbo, kikikatwa kwa umeme. Manitoli ilikuwa imeshuka, bakteria wakaila, wakatoa haidrojeni, gesi inayowaka ikiwa kuanzia asilimia 4 tu ya hewa. Sijui ushahidi mkali zaidi kuwa utumbo "safi" bado una wakazi, tena wenye njaa. Laktulozi ni ya ukoo huohuo, na ndiyo maana haifai kuwa mbadala wa bei nafuu pale vinyama vinapotarajiwa kukatwa kwa umeme.

Sasa tuje kwenye kunywa kwenyewe, maana hapa ndipo bakteria huokolewa au huumizwa mara mbili.

Madaktari hupima usafi kwa alama. Kipimo cha Boston huugawa utumbo mpana sehemu tatu na kuipa kila moja alama 0 hadi 3. Kila sehemu inatakiwa kupata 2 au zaidi. Sehemu moja ikipata 1, uwezekano wa kuambiwa urudi tena ni mkubwa, nawe utakunywa tena kila kitu. Mgonjwa aliyeacha nusu lita kwenye chupa kwa kuwahurumia bakteria wake amewapeleka kwenye mafuriko mara mbili katika kipindi kifupi, huku kinyama alichokuja kutafutiwa kikiwa bado kimejificha. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote yanayohusu bakteria na kolonoskopi, na halitajwi.

Kugawa dozi kunasaidia pande zote mbili. Mwongozo wa Ulaya wa 2019 unataka nusu ya pili ianze ndani ya saa tano kabla ya kipimo na imalizike angalau saa mbili kabla. Kipimo kikiwa saa 4 asubuhi, nusu ya kwanza inywewe kuanzia saa 1 usiku, na ya pili ianze saa 11 alfajiri: glasi ya mililita 250 kila dakika 15, lita mbili, yaani nusu ya dawa ya lita nne, zinaisha saa 1 asubuhi. Watu hunung'unikia kuamshwa alfajiri, lakini kuna sababu. Usiku kucha utumbo mwembamba unaendelea kumwaga ute wenye nyongo kwenye upande wa kulia wa utumbo mpana, nao hugandamana ukutani kama uji uliopoa. Huko kulia ndiko vinyama bapa hupenda kukaa. Aliyemaliza dawa yote jioni hufika hospitali akiwa na ukuta wa kulia uliopakwa njano, na bakteria wake wakiwa wamepigwa na mkondo mmoja mkali badala ya miwili yenye mapumziko katikati.

Yanayoharibika ni yaleyale kila mara. La kwanza ni kuacha mapema. "Choo kimeshakuwa maji, inatosha." Haitoshi, maji ya kahawia bado ni uchafu. Kinachotafutwa ni maji ya njano nyepesi, karibu kama mkojo, unayoweza kuona sakafu ya bakuli kupitia kwayo. Jingine ni sukari. Ladha ya PEG ni ya chumvi na utelezi, na mtu huona kijiko cha sukari au asali si kitu. Sukari huvuta chumvi na maji kuingia mwilini, dawa ikapungua nguvu, na itakayofika chini hugeuzwa gesi. Ipoze kwenye friji, inywe kwa mrija, lamba ndimu katikati. Kichefuchefu kikizidi, simama nusu saa kisha endelea polepole. Ukitapika mfululizo, au tumbo likajaa na kuuma bila kitu kutoka, acha na upige simu hospitali.

Chakula cha siku iliyotangulia kiwe na mabaki machache: wali mweupe, mkate mweupe, yai, samaki asiye na miiba, kuku, ugali wa sembe na si wa dona. Siku moja inatosha kwa watu wengi. Kumfungisha mgonjwa siku tatu ni desturi ya zamani inayowanyima bakteria chakula bila kumpa daktari picha bora. Mbegu ndizo za kuacha mapema zaidi, siku tatu hadi tano: pasheni, mapera, nyanya, ufuta. Hazisagiki, huziba bomba la kunyonyea la kamera. Vidonge vya madini ya chuma visimame siku tano hadi saba, huupaka ukuta weusi. Juisi ya choya huacha rangi inayofanana na damu, nayo iwekwe kando. Anayetumia insulini, dawa za kisukari, za presha au za kupunguza maji mwilini asijipangie mwenyewe.

Baada ya kipimo, duka la dawa litakuwa tayari na probaiotiki, yaani bakteria hai wa kumeza. Jaribio la Australia la 2017 liliwapa wagonjwa Lactobacillus na Bifidobacterium baada ya kolonoskopi: maumivu ya tumbo yalidumu siku 1.99 badala ya 2.78, lakini kujaa gesi na muda wa choo kurudi kawaida havikubadilika. Ni nafuu ya chini ya siku moja. Wengine hutaja utafiti wa Israeli wa 2018 ulioonyesha probaiotiki zikichelewesha bakteria wa asili kurudi. Huo ulihusu watu waliomaliza antibaiotiki, ambazo huua, na PEG haiui. Kuuhamishia hapa si haki. Akiuliza mtu, jibu langu ni kwamba pesa hiyo inanunua maharage mengi.

Na chakula ndicho kilichowarudisha wale wa Eyasi. Siku ya kwanza kula vitu laini, uji mwepesi, wali, mtindi kama unakuchukua. Kuanzia siku ya pili rudisha nyuzinyuzi kidogokidogo: kunde, choroko, mchicha, ndizi za kupika, dona. Ugali au viazi vilivyopoa vina wanga usiosagika juu, unaofika chini ukiwa mzima na kugeuzwa butireti. Kiporo kimedharauliwa bure. Kama vinyama vikubwa vimekatwa, fuata kwanza alichosema daktari kuhusu chakula.

Kwa wauza detoksi, wale wa "kutoa sumu mwilini", kuna jaribio la Amsterdam lililochapishwa 2013, lililohusu wagonjwa wa Clostridioides difficile, bakteria anayeleta kuhara kusikoisha. Kundi moja lilipewa antibaiotiki ya vankomaisini pekee, wakapona 4 kati ya 13. Kundi jingine lilipewa vankomaisini na kusafishwa utumbo, wakapona 3 kati ya 13. La tatu lilipewa vankomaisini kwa muda mfupi, likasafishwa, kisha likapandikizwa kinyesi cha mtu mwenye afya: 13 kati ya 16 walipona kwa mpandikizo wa kwanza. Kusafisha kwenyewe hakukuongeza hata mgonjwa mmoja. Waliotibu ni bakteria waliowekwa. Anayekuuzia maji ya kusafisha tumbo kila mwezi anakuuzia ile sehemu ya jaribio ambayo haikufanya kazi.

Limebaki suala la vipimo. Choo kilichochukuliwa siku chache baada ya kolonoskopi hakikuwakilishi. Kinaonyesha mtaa baada ya mafuriko. Ukitaka kuchunguza bakteria wa tumbo, au kupima pumzi kwa haidrojeni, acha wiki nne zipite. Watafiti wanaochukua vipande vya ukuta wakati wa kolonoskopi wana shida kubwa zaidi, kwa sababu kila walicho nacho kilishaoshwa, na kumlinganisha mgonjwa aliyeoshwa na mtu mwenye afya aliyeleta choo chake cha kawaida ni kulinganisha vitu viwili tofauti. Dawa yao ni kikopo kimoja cha plastiki: mgonjwa akabidhiwe siku anapopewa PEG, na akirudishe maabara kikiwa na choo kabla hajanywa glasi ya kwanza.